Mpira ulioficha ugonjwa wa pili: kisa cha printa kuukuu ya leza

"Baba, imekwama tena," binti yangu aliniita, na tayari alikuwa ameishika karatasi kwa vidole viwili ili aivute. Nikamwomba aiache ilivyo. Nilichukua rula, nikailaza juu ya karatasi kwenye trei, nikapima: iliyokwama ilikuwa imesogea mbele sentimita 6.4 kuliko zile zilizobaki chini yake. Naanza na namba hiyo kabla hata ya kuieleza mashine, kwa sababu karatasi iliyokwama ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo jambo lilipotokea, na wengi wetu humng'oa shahidi huyo kwa hasira kabla hajasema lolote.

Mashine ni printa ya leza ya nyumbani, ya kuchapa rangi nyeusi tu, yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Ikiwa nzima hutoa kurasa kama 16 kwa dakika. Trei yake iko wazi upande wa mbele, kwa hiyo mikia ya karatasi hubaki nje ikionekana. Ukikishikilia kitufe chake kwa sekunde chache inachapa ukurasa wa taarifa zake, na humo tulisoma kwamba imekwisha kutoa kurasa 41,000 na ushei. Rola inayovuta karatasi ilikuwa ileile iliyotoka nayo kiwandani. Herufi bado zilitoka nyeusi na kali, bila mistari wala madoa, maana yake leza na dramu, zinazochora maandishi kwa wino wa unga, pamoja na fyuza, sehemu inayoyagandisha maandishi hayo kwenye karatasi kwa joto, hazikuwa na neno. Kuitupa mashine ya namna hiyo kwa sababu ya kipande cha mpira chenye upana wa vidole vitatu ni hasara ambayo sikuwa tayari kuikubali.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kwenye neno lenyewe. Tunasema "imekwama" kwa mambo yasiyofanana hata kidogo, na printa nayo haitusaidii kuyatenganisha, kwa kuwa haina macho. Kwenye njia ya karatasi kuna sensa chache, na kila moja ni kijiti cha plastiki kinachosukumwa na ukingo wa karatasi kikaziba au kuachia mwanga mdogo. Printa huhesabu muda tu. Nimeanza kuvuta, je, kijiti kimesukumwa kabla ya muda kwisha? Kimesukumwa, je, kimerudi mahali pake karatasi ilipotakiwa kuwa imeshapita? Jibu likiwa hapana, taa inawaka. Taa hiyo ni moja kwa karatasi ambayo haikuondoka kabisa, kwa ile iliyoishia njiani, kwa mbili zilizoingia kwa mpigo na kwa ile iliyojikunja ndani ya fyuza.

Kwa hiyo tuliweka daftari kando ya printa. Kwa siku 4, kila aliyechapa aliandika ulikuwa ukurasa wa ngapi wa kazi yake, karatasi ilisogea kiasi gani kwa rula, na kitu kingine chochote alichokiona. Katika kurasa 86 printa ilisimama mara 13. Mara 3 karatasi haikusogea hata kidogo ingawa rola ilisikika ikizunguka. Mara 9 ilisogea ikaishia njiani, vipimo vikiwa kati ya sentimita 5.1 na 6.8. Mara 1 ziliingia mbili. Hakuna hata moja iliyofika kwenye fyuza, na hilo peke yake lilitutolea nusu nzima ya mashine kwenye orodha ya washukiwa. Kwenye safu ya mwisho binti yangu aliandika mara 4 maneno haya: "karatasi ya chini imechungulia." Niliyasoma, nikayapita. Nitayarudia.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote nilijaribu karatasi. Rimu iliyokaa wazi siku nyingi hunyonya unyevu wa hewa, karatasi zake zikajikunja na kushikamana. Nilifungua rimu mpya ya karatasi za gramu 80 kwa mita ya mraba, nikazipepea, nikahakikisha vibano vya pembeni vinazigusa bila kuzibana, nikaweka karatasi 50 tu. Hali ikawa ileile. Nikatoa katriji, kasha la wino lenye dramu ndani yake, na kuifunika kwa kitambaa cheusi, maana dramu huharibiwa na mwanga, nikamulika ndani kwa tochi kutafuta kipande kilichochanika. Hakikuwepo. Kijiti cha sensa nilikisukuma kwa kidole, kikarudi chenyewe bila kusita.

Ikabaki rola. Rola ya printa hii ina umbo la herufi D: upande mmoja ni mviringo wenye mpira, upande mwingine ni bapa. Ikipewa amri huzunguka mara moja tu. Sehemu ya mviringo ikiishukia karatasi ya juu huisukuma mbele. Upande bapa ukifika, huiachia, na kufikia hapo karatasi lazima iwe imeshadakwa na rola mbili ndogo za mbele zitakazoendelea nayo. Kwa karatasi hiyo rola ya D haipewi nafasi ya pili. Nilipima tao la mpira kwa uzi, nikapata sentimita 9. Kisha nikapima kutoka ukingo wa mbele wa karatasi iliyotulia kwenye trei hadi kwenye rola zile mbili, nikapata sentimita 7. Nikaziandika namba hizo mbili kwenye daftari, moja chini ya nyingine, na kisa kikaanza kusomeka.

Mpira ukishika barabara, karatasi husogea sentimita 9, au tuseme 8 na nusu, kwa kuwa hakuna mpira usioteleza kabisa. Zinazohitajika ni 7. Aliyeibuni mashine aliiachia akiba. Akiba hiyo ndiyo inayoeleza tabia inayowashangaza wenye printa kuukuu: miaka kumi inafanya kazi bila kulalamika, halafu ndani ya majuma machache inakwama kila siku kana kwamba kitu kimevunjika ghafla. Hakuna kilichovunjika. Kila mwaka mpira uliteleza kidogo zaidi, 8.5 ikawa 8, ikawa 7.5, na kwa nje hakuna aliyejua kwa sababu karatasi ilifika. Siku utelezi ulipozidi sehemu mbili kati ya tisa, karatasi zikaanza kuishia mlangoni. Vipimo vyetu vyote 9 vilikuwa chini ya 7. Kile cha 6.8 ndicho kilichoniuma zaidi: karatasi imesafiri njia yake yote ikabakiza milimita 2.

Rola haifanyi kazi peke yake. Chini yake kuna padi ya kutenganishia, kipande kidogo kinachosukumwa juu na springi, na karatasi hupita katikati ya viwili hivyo. Mpango wote unasimama juu ya misuguano mitatu iliyowekwa kwa ngazi. Msuguano wa rola na karatasi uwe mkubwa kuliko yote, wa padi na karatasi uwe wa kati, wa karatasi na karatasi uwe mdogo kuliko yote. Ikija karatasi moja, rola inaishinda padi na karatasi inakwenda. Zikija mbili, ya juu inakwenda na rola, ya chini inashikwa na padi, na kwa kuwa zenyewe kwa zenyewe zinateleza, zinaachana. Ngazi ikivurugika popote, tabia ya printa hubadilika kwa namna unayoweza kuitabiri. Rola ikipoteza mshiko hadi ikalingana na padi, karatasi haiendi. Padi ikilainika mno, zinaingia mbili. Unyevu ukiingia kwenye rimu unaipandisha ngazi ya chini kabisa, na mbili zinaingia hata kama rola na padi ni vizima.

Binti yangu alitaka kuliona hilo, si kusimuliwa tu. Nilimwambia alaze karatasi mbili mezani, aibonyeze ya juu kwa kidole kikavu na kuisukuma. Ikaenda yenyewe, ya chini ikabaki. Kisha apake kidole unga wa chaki na kurudia. Kidole kikaenda, karatasi ikabaki. Akarudia mara tatu, mwisho akatazama kidole chake cheupe akauliza, "Sasa chaki ya printa inatoka wapi?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii. Inatoka kwenye karatasi yenyewe. Karatasi nyingi za ofisini za siku hizi zimejazwa kalsiamu kaboneti, ambayo ni jamii ya chaki ya asili, ili ziwe nyeupe na zisipitishe mwanga. Kila karatasi inayokwaruzwa na rola huacha chembe chache pamoja na nyuzinyuzi zake. Zidisha kwa kurasa 41,000.

Nilichomoa plagi, nikangoja saa nzima, kwa sababu fyuza hufanya kazi kwenye joto la nyuzi kama 180 hadi 200 za Selsiasi na haipoi upesi. Rola ilitoka kwa kubana klipu mbili za pembeni. Mkononi ilikuwa inang'aa, na huo ndio ukosefu wake wa afya: mpira unaovuta karatasi unapaswa kufifia kama ganda la embe lililokauka, usirudishe mwanga. Nikaubonyeza kwa ukucha. Mpira ulio hai unaacha ukucha uingie, kisha alama inajifuta. Mpira huu, ukucha ulipita juu yake kama juu ya plastiki ya kalamu.

Ugumu huo una historia yake. Mpira mbichi hunata kwenye joto na kupasuka kwenye baridi. Uliweza kutumika mashineni baada ya Charles Goodyear kugundua kuupika na salfa, jambo alilopewa hataza yake Marekani mwaka 1844. Salfa hufunga nyuzi ndefu za mpira kwa viungo vidogo, na mpira unapata nguvu ya kurudi ulivyokuwa. Lakini kufungana huko hakukomi siku bidhaa inapotoka kiwandani. Hewa na joto huendelea kuongeza viungo mwaka baada ya mwaka, na mafuta yaliyouweka laini hutoka taratibu. Mpira unaokaa jirani na fyuza, kwenye mashine inayopashwa joto na kupoa kila siku, unazeeka mapema. Kwa hiyo rola yetu ilikuwa na magonjwa mawili juu ya uso mmoja, vumbi linaloondoka na ugumu usioondoka.

Nilifuta kwanza, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichoguswa maji tu. Kitambaa kiligeuka kijivu, tena kijivu, mara ya tano kikatoka safi. Sikutumia spiriti kwenye mpira huu, kwa kuwa ikirudiwarudiwa huukausha zaidi. Petroli na tina ya kuzimulia rangi ndiyo kabisa visikaribie, kwani huuvimbisha na kuuharibu. Padi nayo nikaifuta. Matokeo yalikuwa mazuri kwa siku mbili, kurasa 31 bila kusimama. Siku ya tatu asubuhi, sentimita 6.9. Vumbi lilikuwa limeondoka, ugumu umebaki, na akiba tuliyoirudisha ilikuwa ya milimita chache.

Wapo wanaoukwaruza mpira kwa msasa, na kwa muda inasaidia kweli, maana ngozi ngumu inatoka na mpira mpya kidogo unafichuka. Kwa rola ya duara kamili huenda mtu akapata miezi. Kwa rola ya D siipendi njia hiyo. Ukipunguza unene wa mpira unafupisha tao, na tao ndilo linaloisukuma karatasi. Unaongeza mshiko kwa mkono mmoja na kula akiba kwa mwingine. Tena uso unatoka na mabonde, karatasi inaingia upande. Nikaagiza rola mpya na padi mpya kwa pamoja. Ukibadilisha rola peke yake, ngazi ya juu inarudi mahali pake na ya kati inabaki ya kizee, na utakuja kushangaa kwa nini sasa zinaingia mbili.

Kuzifunga ilikuwa kazi ya robo saa: rola kwa klipu zake, padi kwa skrubu mbili na springi moja ndogo ambayo inafaa uifunike kwa kiganja unapoitoa, isije ikaruka. Mpira mpya niliushika kwa pembeni tu, kwa sababu mafuta ya vidole nayo ni ya kuteleza. Tukachapa kurasa 20, kisha 15, kisha kazi ndogondogo za siku tatu. Hakuna iliyosimama.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike kisa hiki.

Binti yangu alichapa kitabu cha mazoezi cha kurasa 40. Kwenye ukurasa wa 23 printa ikasimama, na ndani zilikuwemo karatasi mbili. Akaanza upya kutoka wa 23. Ukurasa wa 9 wa awamu hiyo, tena mbili. Kisha baada ya 4, tena mbili. Wazo la kwanza lililonijia, na naamini lingemjia yeyote, ni kwamba padi mpya ni mbovu au rola mpya inashika kupita kiasi. Nilikuwa na bisibisi mkononi kuirudisha padi ya zamani. Kilichonizuia ni utaratibu tuliokuwa tumeshauzoea wa kutazama kwanza.

Nilifungua mfuniko, nikatoa katriji, nikazitazama karatasi mbili zilivyolala. Padi inaposhindwa kutenganisha, karatasi huingia zikiwa zimelaliana karibu kikamilifu, kingo za mbele zikipishana kwa milimita au kwa sentimita moja mbili. Hizi zilikuwa zimepangana kama vigae vya paa: mkia wa ya kwanza juu ya uso wa ya pili, zikiwa zimelaliana kwa sentimita 3 na nusu tu. Ya kwanza ilikuwa imeingia peke yake, kwa adabu, padi ikafanya kazi yake sawasawa. Ya pili ilifuata baadaye, ikikanyaga mkia wa mwenzake, wakati hakuna aliyeiita. Sensa haikuona nafasi yoyote kati ya mbili hizo, kijiti hakikurudi kwa muda wake, taa ikawaka.

Nikapima mahali rola ya D inapoigusa karatasi: sentimita 4 nyuma ya ukingo wa mbele. Hapo ndipo hizo 3 na nusu zilipotokea. Mkia wa karatasi ya kwanza unapotoka chini ya rola, karatasi ya pili inafichuka hapo hapo, na rola ikiwa bado inazunguka itaichukua mara moja. Wakati huo ukingo wake wa mbele uko sentimita 4 mbele ya mkia wa ile ya kwanza. Nusu sentimita iliyopungua ni utelezi wa kuanzia. Jiometri ilikuwa inasema waziwazi kwamba rola haikusimama baada ya mzunguko mmoja.

Anayeisimamisha ni solenoidi, koili ya waya inayogeuka sumaku ikipitishiwa umeme. Mbele yake kuna ulimi mdogo wa chuma ulioshikiliwa na springi, na ncha ya ulimi imekaa kwenye jino la gia ya rola, kama komeo. Printa ikitaka karatasi, inaipa koili umeme kwa kitambo kifupi. Ulimi unavutwa, jino linaachiwa, rola inaanza kuzunguka. Umeme unakatwa, springi inaurudisha ulimi, na jino likirudi baada ya mzunguko mmoja linamkuta mlinzi mahali pake. Ulimi ukichelewa kurudi, jino linapita, rola inaanza mzunguko mwingine. Ili chuma kisigongane na chuma, wenye viwanda hubandika kipande chembamba cha sponji katikati. Sponji za namna hiyo, baada ya miaka, huoza zikawa kitu cheusi kinachonata kama lami.

Nilikuwa na dhana. Nikataka kuiona kwa macho. Nilisikiliza kwanza. Printa ikiwa baridi, kila karatasi ilianza na "tak" moja. Baada ya kurasa kama 15 nikaanza kusikia mara nyingine "tak", kimya kifupi, "tak", na bado ukurasa ukatoka salama. Nikafungua kifuniko cha upande wa kulia, skrubu tatu, upande wenye gia na solenoidi. Upande wa kushoto, ambako umeme wa ukutani unaingia, sikuugusa, na simshauri mtu yeyote aufungue. Nikaegesha simu kwenye kitabu, nikarekodi video ya mwendo wa polepole, fremu (yaani picha) 240 kwa sekunde, mikono ikiwa mbali.

Printa ikiwa baridi, ulimi ulirudi ndani ya fremu 5 baada ya kuachiwa, yaani kama sehemu ya hamsini ya sekunde. Kwenye ukurasa wa 18 ulibaki umeganda, ukaning'inia, kisha ukabanduka polepole kama plasta inayong'olewa kwenye ngozi. Nilihesabu fremu zaidi ya 600, sekunde 2 na nusu. Mzunguko mmoja wa rola hii ni sekunde 1 na robo. Rola ilizunguka mara tatu.

Sasa maneno ya binti yangu yakarudi na maana yake: "karatasi ya chini imechungulia." Mzunguko wa pili hauna madhara, kwa sababu karatasi ya kwanza bado iko chini ya rola na mzunguko huo unaisukuma ileile. Wa tatu ndio unaoikuta karatasi ya pili, ukiwa umebakiwa na kama sentimita 8 za mpira. Mpira wa zamani, kwa utelezi wake, uliisogeza sentimita 5 au 6, ikachungulia ikaishia hapo bila kufika kwenye rola za mbele. Mpira mpya unaisogeza zaidi ya 7, na ya pili inadakwa. Solenoidi ilikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mpira mgumu ulikuwa unauficha ugonjwa huo, na siku tulipouponya mpira tukaufichua. Kama ningerudisha sehemu za zamani, karatasi mbili zingekoma kweli, ningesema padi mpya ilikuwa mbovu, na ningerudi kwenye sentimita 6.4. Kwa nini yalitokea kwenye kazi ndefu tu? Koili hupata joto ikifanya kazi mfululizo, fyuza nayo inapasha mwili mzima wa mashine, na kitu kile cheusi kikilainika kinanata zaidi.

Kuirekebisha kulihitaji subira kuliko ufundi. Nilichomoa plagi, nikangoja, nikaifungua solenoidi kwa skrubu yake moja bila kukata waya. Nilikwangua sponji iliyooza kwa kijiti cha mbao, kisha nikafuta chuma kwa kijiti cha pamba kilichochovywa spiriti ya aisopropili, hapa spiriti ndiyo yenyewe, hadi pamba ikatoka nyeupe na kidole hakinati hata kidogo. Mabaki kidogo yakiachwa, kazi yote ni bure. Chuma hakifai kubaki kitupu pia, kwani sumaku iliyosalia ndani yake inaweza kuung'ang'ania ulimi hata bila uchafu. Nikabandika felti nyembamba yenye gundi upande mmoja, tabaka mbili. Nilikosea: ulimi haukuvutwa vya kutosha kuachia jino, na rola haikuzunguka kabisa. Nilipobandua tabaka moja, ikabaki kama milimita 1, unene wa sponji ya awali, rola ikazunguka mara moja na kusimama.

Nikarekodi tena kwenye ukurasa wa 5, wa 20 na wa 40. Fremu 5, fremu 5, fremu 6.

Tangu hapo tumechapa kurasa 400 na zaidi, mbili kati ya kazi hizo zikizidi kurasa 60 kwa mfululizo. Printa imesimama mara moja, na karatasi tuliyoikuta ilikuwa na pembe iliyokunjwa tangu kwenye rimu. Binti yangu bado anaweka rula kwenye droo ya karatasi. Wiki iliyopita, bila kuniuliza, alizikagua kwa ukucha rola za kutolea karatasi juu, ambazo zina umri uleule wa mashine, akaandika kwenye daftari: "Bado zinabonyea, ya kushoto kidogo kuliko ya kulia."